Taa Nilinunua Mara Moja, Waya Nikaupitisha Mara Tatu

Zile taa za ziada za LED za pikipiki yangu nilizinunua Mwanjelwa, Mbeya, jozi moja kwa shilingi 40,000. Kuzifunga, nimezifunga mara tatu. Mara ya kwanza nilimlipa fundi, mara ya pili nikajifanya fundi, mara ya tatu nikakaa chini nikafundishwa. Naandika kwa sababu kila wiki namwona mtu kijiweni kashika boksi la taa kama zangu, anauliza nani atamfungia haraka haraka.

Kazi yangu ni maziwa. Nakusanya kwa wafugaji wa huku Isongole, wilayani Rungwe, napeleka Mbeya mjini kwenye migahawa inayoinjika chai kabla jua halijatoka. Keni mbili za lita 20 nyuma, saa kumi alfajiri niko barabarani. Anayeijua barabara ya Tukuyu hadi Uyole anaujua ukungu wake, hasa mwezi wa sita na wa saba. Unajaa kama moshi wa jiko la kuni mbichi, na malori ya Kasumulu, mpakani na Malawi, hayasubiri mtu. Pikipiki yangu ni ya cc 150, ya kawaida kabisa, na taa yake ya kiwandani kwenye ukungu ule ilikuwa ni kama kushika mshumaa.

Fundi wa kwanza alikuwa pale pale barabarani, chini ya mwavuli. "Kazi ndogo hii bosi, nusu saa unaondoka." Kweli nusu saa niliondoka. Alifungua kichwa cha taa, akachubua waya wa taa kubwa katikati, akauviringishia waya wa taa mpya, akapiga tepu nyeusi. Taa zenyewe akazibana kwenye usukani, moja kulia, moja kushoto. Zikawaka. Nikampa 10,000 yake na asante nyingi.

Alfajiri iliyofuata nikagundua kwamba nikivuta resi taa zinawaka vizuri, nikiachia zinapepesa kama za disko. Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Pikipiki nyingi ndogo hazilishi taa kubwa kutoka kwenye betri. Umeme wake unatoka moja kwa moja kwenye koili za magneto, kile kinachozalisha umeme injini ikizunguka, ni mkondo geu, unapanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini. Balbu ya kawaida inauvumilia. Taa ya LED inataka umeme mnyoofu wa betri. Yako utaijua kirahisi: fungua ufunguo bila kuwasha injini, kisha washa taa kubwa. Isipowaka, usiunge chochote cha LED hapo.

Nilirudi kwa fundi. Akahamishia kwenye waya wa honi, ambao kwangu unatoka kwenye betri kupitia swichi ya ufunguo. Kupepesa kukaisha, tukaagana vizuri.

Baada ya wiki kama mbili fyuzi ikaanza kuungua. Ni fyuzi moja tu ya ampea 10, ikiungua inaondoka na honi, indiketa na taa ya breki. Nikaweka nyingine, ikakaa siku mbili. Nikaweka ya tatu. Leo nikikumbuka naona jambo lilikuwa wazi kabisa: zote tatu ziliungua Mwanjelwa, kwenye kichochoro kile chembamba kati ya vibanda, mahali ambapo lazima ukunje usukani wote kulia ili upite. Wakati ule sikuunganisha haya mawili. Nilichoona mimi ni kwamba fyuzi za siku hizi ni mbovu.

Nikampelekea fundi lalamiko langu. Akachomoa nyuzi chache za shaba kutoka kwenye kipande cha waya, akaziviringisha kwenye miguu ya ile fyuzi iliyoungua, akairudisha mahali pake. "Haitakusumbua tena." Nami nikacheka, nikamwona mjanja. Sitaki kumtupia yeye lawama zote. Mimi ndiye niliyetaka kazi ya nusu saa, na mimi ndiye niliyeona shaba inawekwa mahali pa fyuzi nikafurahi kwamba nimeokoa shilingi mia tano.

Mwezi wa saba, kilomita chache kabla ya Uyole, nilikuta lori limeharibika upande wangu. Nikasimama, nikakunja usukani wote kulia ili nilizunguke. Kwanza ilikuja harufu, ile ya plastiki inayoungua. Halafu moshi ukatoka chini ya tanki, katikati ya miguu yangu, na injini ikazima. Nikazima ufunguo. Moshi ukaendelea! Hapo ndipo nilipoogopa, maana juu ya moshi ule kulikuwa na lita nane za petroli. Niling'oa kifuniko cha pembeni, nikauvuta waya wa hasi wa betri kwa mkono mpaka ukachomoka. Vidole viwili vilibaki na malengelenge wiki nzima.

Kilichotokea ni hiki. Waya wa taa ulikuwa umepita kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapogeukia, bila kuachiwa urefu wa kutosha. Kila nilipokunja kulia, chuma cha kuzuia usukani kiliung'ata dhidi ya fremu. Kilianza kukwangua ganda, kikafika kwenye shaba, shaba ikagusa bodi, ikawa shoti. Zile fyuzi tatu zilikuwa zinaungua kwa sababu hiyo, kazi yao ndiyo hiyo. Tulipoweka nyuzi za shaba, kitu kilichobaki cha kuungua kilikuwa ni waya wenyewe, na waya ukiungua ndani ya fungu la waya za pikipiki unawayeyusha na wenzake. Wakashikana, ukiwemo ule unaotoka kwenye betri kabla ya ufunguo, ndiyo maana kuzima ufunguo hakukusaidia. Na injini ilizima kwa sababu kwenye mfumo kama wa kwangu waya wa swichi ya kuzimia injini hufanya kazi kwa kugusa bodi. Ganda lake lilipoyeyuka ukagusa bodi wenyewe.

Maziwa yalifika saa nne, kwenye gari la kuomba. Wenye migahawa walikuwa wameshanunua kwingine. Nusu nikauza ya mtindi kwa bei ya kutupa, nyingine nikagawa. Fungu jipya la waya 55,000, ufundi wa kulibadilisha 25,000. Mke wangu hakusema kitu, akaandika tu kwenye daftari.

Mara ya pili nikasema sasa nafunga mwenyewe. Nilikuwa na waya uliobaki nilipoweka umeme nyumbani, wa milimita 1.5, wenye uzi mmoja mnene ndani. Nikautoa kwenye betri moja kwa moja mpaka kwenye swichi ya usukani, kutoka hapo hadi kwenye taa. Kwenye shingo safari hii niliacha nafasi ya kutosha, hilo nilikuwa nimelilipia. Fyuzi niliweka, ila niliiweka karibu na taa, na hilo nalo ni kosa: kipande chote cha kutoka kwenye betri hadi kwenye fyuzi hakina mlinzi.

Waya wa nyumba haukuumbwa kwa ajili ya kutikisika. Ndani ya ukuta unalala mpaka unasahaulika, lakini kwenye pikipiki unachezeshwa kila sekunde, na uzi mmoja mnene ukikunjwa na kukunjuliwa unakatika kama waya wa uzio. Ulidumu wiki tatu. Ukakatikia ndani ya ganda, nje hauonyeshi kitu, taa zikawa zinawaka na kuzima kwenye mashimo. Niliutafuta siku mbili.

Kubwa zaidi lilikuwa betri. Kwa kuwa umeme haukupita kwenye ufunguo, swichi ikiachwa wazi taa zinakesha. Mara mbili niliisahau mimi. Mara ya tatu walikuwa watoto wa jirani, walikaa kwenye pikipiki wakicheza safari ya Dar. Betri ikilala tupu mara kwa mara haiamki tena ile ile. Nikapiga kiki asubuhi za baridi mpaka goti likalalamika, mwishowe nikanunua betri mpya, 45,000.

Wakati huo huo mvua nazo zilikuwa zimefika kwenye maungio. Nilifungua tepu nikakuta gundi imeyeyuka kwa joto la injini imekuwa kama lami, na ndani shaba imeota ukungu wa kijani.

Mzee niliyemfikia mara ya tatu ni fundi umeme wa magari, si wa pikipiki. Nilimpelekea maziwa, tukaanza kuzungumza. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, hizi taa zinanimaliza." Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Zinakula kiasi gani?" Nikamwonyesha boksi, limeandikwa wati 60 kila moja. Akatabasamu, akatoa mita, akaipitisha katikati ya waya. Mita ikasoma ampea 1.6 kwa taa zote mbili. Ukizidisha na volti 12 na ushee unapata kama wati 20, kwa zote. "Boksi linauza, mwanangu. Mita haiuzi kitu."

Kumbe hesabu ile ndiyo inayoamua mambo yote yanayofuata. Wati ukizigawa kwa volti unapata ampea. Ampea zinakwambia unene wa waya na fyuzi ya kuweka. Kwa ampea 1.6, fyuzi ya ampea 5 inatosha na kubaki. Ningeweka ya 20 eti "isisumbue", ningekuwa nimerudia shaba ya yule wa kwanza kwa njia ya kistaarabu. Akaniambia pia nipime kama magneto inaweza kubeba mzigo. Tukawasha injini na taa zote. Bila resi betri ilisoma volti 12.3, nikivuta resi ikapanda hadi 13.8. Maana yake barabarani betri inachajiwa hata taa zikiwaka, lakini kwenye foleni pale Mafiati nikiziacha wazi nakula akiba. Siku hizi nikiingia mjini nazizima.

Halafu akaniambia tutoe tanki. Nilishtuka, nilidhani ni kazi ya kupitisha waya tu. Akasema huwezi kujua waya unapita wapi kama huoni njia. Tulifunga bomba la mafuta, tukatoa siti, tukalitoa tanki tukaliweka mbali. Kabla ya hapo alikuwa ameshafungua waya wa hasi wa betri. Anaanza na hasi kila mara, na kurudisha anaumalizia huo huo, kwa sababu ukianza na chanya spana ikigusa fremu unapata cheche, na betri yangu iko hatua moja kutoka kwenye petroli.

Tanki lilipotoka niliona kitu kizuri. Fungu la waya la kiwandani lina njia yake: linafuata bomba la juu la fremu, limeshikwa kila baada ya kiganja kimoja, linakwepa kichwa cha injini, linakwepa boliti za tanki, halikazwi kwenye kebo ya klachi wala ya mafuta kwa sababu hizo zinatembea. Mzee akasema waliotengeneza hii wamekufanyia nusu ya kazi, wewe fuata nyayo zao. Waya wangu tukaulaza ubavuni mwa lile fungu, ndani ya mpira mweusi wa mikunjo. Pale unapogusa chuma tukaongeza kipande cha tyubu ya baiskeli. Tukaushika kwa vile vikanda vya plastiki vyenye meno, lakini hatukuvikaza mpaka mwisho. Kwanza alinikalisha kwenye pikipiki, nikakunja usukani wote kulia, wote kushoto, mara kumi, yeye akiwa ameinama anatazama shingoni kwa tochi.

"Huu wa swichi umepona," akasema, "lakini wa taa, kwani ni lazima upite hapa?"

Nilikaa kimya. Mara mbili zote nilihangaika namna ya kupita shingoni, sikuwahi kujiuliza kama pana haja. Taa zilikuwa kwenye usukani kwa sababu fundi wa kwanza aliziweka huko, basi. Tukazishusha kwenye bampa, lile bomba la kukinga miguu mbele ya injini, ambalo limefungwa kwenye fremu na halizunguki. Waya mnene ukabaki upande wa fremu moja kwa moja. Unaovuka shingo sasa ni ule mwembamba wa swichi tu.

Na ukungu nao ukashukuru. Taa ikiwa juu, karibu na macho, mwanga mweupe unagonga matone ya ukungu unakurudia usoni, unaona ukuta mweupe. Ikiwa chini na imeinamishwa kidogo, mwanga unapita chini ya macho yako, unaiona lami na mstari wa pembeni. Hata madereva wa malori waliacha kunipigia taa za hasira. Siku nyingine nilipata vioo vya manjano vya kuvalisha juu, macho yanapumzika zaidi, ingawa hilo naona kila mtu na macho yake.

Nisimalize bila kuieleza rilei, maana watu wanaiogopa bure. Ni kile kiboksi cheusi cha miguu minne ambacho magari yanacho. Ifikirie kama mlinzi wa geti. Umeme mkubwa unasubiri nje, mguu namba 30, kutoka kwenye chanya ya betri kupitia fyuzi. Taa ziko ndani, mguu namba 87. Miguu 85 na 86 ndiyo ya kumwita mlinzi: mmoja unakwenda bodi, mwingine unapata umeme kidogo sana kutoka kwenye swichi. Ukibonyeza swichi, geti linafunguka. Kwa mzigo wangu wa ampea 1.6 swichi nzuri ingebeba yenyewe, mzee alikiri hivyo. Lakini swichi za usukani tunazonunua ni nyepesi, na pia rilei ilituwezesha kuchukua umeme wa kuiita kutoka kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwa wazi tu. Tuliutafuta kwa taa ya kupimia, tukaupata, ukaungwa kwenye swichi. Sasa watoto wacheze safari ya mpaka Kigoma, ufunguo ninao mfukoni taa haziwaki.

Fyuzi tuliiweka kiganja kimoja kutoka kwenye betri. Waya ni wa nyuzi nyingi laini, wa magari, milimita 1.5. Maungio hayakuviringishwa, yalibanwa kwa koleo ndani ya vikonyo vya shaba, kisha kimpira kinachonywea ukikipasha kiberiti. Nilimuuliza kwa nini asiyachome kwa risasi, akasema risasi ni nzuri kwenye redio, kwenye pikipiki waya unakuwa mgumu pale risasi inapoishia na ndipo unapokatikia. Waya wa hasi hatukuufunga kwenye boliti ya bampa yenye rangi na kutu, tuliurudisha mpaka betrini. Na kabla ya kuingia kwenye kila taa, waya unashuka chini kidogo kisha unapanda, ili maji ya mvua yadondokee pale chini badala ya kufuata waya ndani ya taa.

Kazi ilichukua kuanzia saa tatu mpaka saa tisa. Vifaa 26,000, mzee alichukua 20,000 na lita mbili za maziwa. Nikiweka pamoja na yote yaliyotangulia ni 221,000 kwa taa za 40,000, maziwa sijayahesabu, daftari la mke wangu limeyahesabu.

Ilikuwa mwezi wa nane, taa zikiwa na kama mwaka mmoja, zikazima ghafla nikiwa kwenye ukungu. Pikipiki haikuzima. Taa kubwa iliendelea, honi ipo, taa ya breki ipo. Nilipunguza mwendo, nikafuata taa za nyuma za basi dogo mpaka Uyole, maziwa yakafika kwa wakati. Mchana nilifungua kifuniko cha pembeni, nikakuta ile fyuzi ya kahawia hafifu ya ampea 5 imeungua. Ya akiba ipo pale pale, imefungwa kwa tepu. Sikuiweka. Nilishuka na waya kwa kidole tangu betrini hadi kwenye bampa, nikakuta jiwe lilirushwa likapasua mpira karibu na taa ya kushoto, na shaba inagusa chuma. Nikaibana upya, nikaivalisha tyubu, nikakunja usukani kulia na kushoto japo hapo hapakuhusu kabisa, ndipo nikaweka fyuzi.